Jini ya Nyumba

Mtu huchaguaje kitu cha kukipenda? Si cha kukivumilia, wala cha kukisifu mbele ya wageni, bali cha kukipenda hasa, hata akakubali kulaumiwa kwa ajili yake? Swali hilo lilimkaa kooni msichana ambaye kiwanda kizima kilimwita Profesa asubuhi ile aliposimama mbele ya vikombe vitatu vya kauri.

Jina lenyewe alipewa kwa utani. Alikuwa bado chuoni akisomea kemia, na likizo zote alizitumia kiwandani kwa shangazi yake. Siku ya kwanza alimweleza fundi wa mtambo, kwa kirefu na kwa heshima zote, ni kwa nini mvuke hupanda. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Ahsante, Profesa. Mimi nilidhani unapanda kwa sababu umekatazwa kushuka." Tangu hapo jina likamganda kama kupe.

Kiwanda kilikuwa katika jengo lililowahi kuwa la kuoka mikate. Mdomo wa tanuri ulikwisha kuzibwa kwa matofali, na mahali pa meza za unga ulisimama mtambo wa shaba, tumbo lake kama mtungi mkubwa na shingo yake ndefu imeinama, mithili ya mtu anayesikiliza mlangoni. Humo ndimo ilimotengenezwa jini, kile kileo kiangavu kama maji, chenye harufu ya mreteni, mti wa nchi za baridi. Majirani hawakukosa la kusema. Mtu akipotelewa na mwavuli, wangemwambia akaulizie kwenye nyumba ya majini. Shangazi aliwajibu kwamba wa kwake wamo ndani ya chupa na wamezibwa vizuri. Waangalie wa kwao.

Kazi yenyewe, kukeneka, haikuwa na uchawi. Pombe kali isiyo na ladha ilitiwa mtamboni pamoja na matunda ya mreteni, mbegu za giligilani na maganda ya matunda, kisha ikapashwa moto mdogo mpaka mvuke ukapoa na kudondoka tone kwa tone. Kinachotoka kwanza huitwa kichwa, nacho humwagwa kwa kuwa kinadhuru. Cha katikati ni moyo. Cha mwisho ni mkia. "Kazi yote ni kujua moyo unaanzia wapi," Shangazi alizoea kusema, "na watu wengi wamezeeka bila kuujua wa kwao."

Yeye aliujua kwa pua. Hakupima, hakuandika, alinusa, akaongeza ganda hapa, akapunguza mbegu pale, na jini ikatoka. Kisha mwanzoni mwa mwaka alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Alificha kwa muda. Akafichuka siku alipopita kando ya sufuria iliyoungua mpaka moshi umetanda, asigeuze hata shingo. Fundi alizima jiko, akamtazama, naye akasema, "Ndiyo. Haipo. Sasa mmejua, rudini kazini."

Pua ikiwa imekwenda, jini yake nayo ikawa imekwenda, maana hapakuwa na mwingine aliyeweza kuirudia. Ndipo mwanawe, aliyekuwa msimamizi wa mauzo, alipoleta habari ya kampuni kubwa ya vinywaji. Kampuni ilitaka kuukodi mtambo na mafundi wake ili uitengenezee jini yao ya waridi, tamu kama peremende. Mkataba ulikuwa tayari; ulichokosa ni sahihi ya Shangazi.

Shangazi hakukubali, wala hakukataa. Aliwaita wote watatu chumba cha kufungashia: mwanawe, fundi na mpwa wake.

"Ijumaa hii," alisema. "Ikipatikana jini ya nyumba, iliyo yetu wenyewe, na mtu wa kusimama nayo, mtambo unabaki wetu. Isipopatikana, mwanangu, nitatia sahihi na sitanuna. Wa kuchagua ni huyu." Akamwelekezea Profesa kidole.

"Mama!" mwanawe akahamaki. "Mimi ndiye ninayeonana na wateja!"

"Wewe, baba, tangu utoto wako hukuwahi kurudisha sahani. Unapenda kila kitu. Apendaye kila kitu hachagui."

Fundi alikohoa kuficha kicheko.

*

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake ya kuonja. Jini ilionjwa asubuhi, kabla ya chai, katika vikombe vidogo vya kauri, pamoja na tone la maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza mpaka kila mmoja awe ameonja na kutema. Kisha mwenye kuchagua alisema, "Hii ndiyo yangu." Kuanzia hapo, chupa ikirudishwa na mteja, ilirudishwa kwake, sifa ziliweza kugawanywa, lawama ilikuwa yake peke yake.

Jini za majaribio zilikuwa tatu, na zote Profesa ndiye aliyezipanga na kuzikeneka pamoja na fundi. Ya kwanza ilikuwa laini, yenye chungwa na utamu wa mbali. Ya pili ilijaa iliki. Ya tatu alikuwa ameitia mreteni bila huruma, pamoja na ganda bichi la balungi, nayo ilimgonga mwonjaji kwanza ndipo ikamsalimu.

Walionja. Kimya kilipokwisha, binamu yake, yule mwana wa Shangazi, alikuwa wa kwanza. "Ya kwanza. Hakuna mjadala. Hii hata mtu asiyekunywa ataomba aongezewe."

"Ya kwanza ina adabu," fundi alikubali. "Ya tatu inaingia bila kupiga hodi."

Profesa aligeuka huku na huku. "Basi tuseme, wanaoipenda ya kwanza wainue mikono, kisha..."

"Umeitisha uchaguzi?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Pendo halipigiwi kura, mama. Mimi nimeuliza yako."

"Lakini Shangazi, kinywaji ni cha watu. Ni haki watu wasikilizwe."

"Wasikilizwe, ndiyo. Ila siku watu wakigeuka, hao waliosikilizwa watakuja kusimama nawe?"

Profesa alikiinua tena kikombe cha kwanza. Kilikuwa kitamu, hilo hakuweza kulikana. Kila alipokionja kilimkubalia, na huko kukubali kwake ndiko kulikoanza kumtia wasiwasi. Alisogea mpaka kwenye kiti cha Shangazi, akainama, akanong'ona, "Ungekuwa na pua yako, ungechagua ipi?"

Shangazi aliushika mkono wake. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimekwaruzwa na mikebe na maganda ya miaka. "Ukinichagulia mimi, utakuwa umemchagulia mtu asiyeonja," alisema. "Usinifanyie hivyo. Itakuwa ni kunionea huruma, nami huruma sijaiomba."

"Mchagua jembe si mkulima," binamu alisema akikusanya vikombe. "Ijumaa haiko mbali, Profesa."

*

Mchana huo Profesa alifunga chupa tatu ndogo katika gazeti, akaenda nazo kwenye baa ya kona, kwa mwanamke aliyefahamika kama Mama Barafu, kwa kuwa katika baa yake friji ndilo lililokuwa likihudumiwa kabla ya wateja. Ndani kulikuwa kweupe, viti vimepinduliwa juu ya meza, na kinyozi wa duka la pili alikuwa akinywa soda, huku shingo yake mwenyewe ikihitaji kunyolewa.

"Sijaja kunywa, Mama," alisema. "Nimekuja kuona mnavyokunywa."

"Makubwa! Chuoni siku hizi mnafundishwa umbeya?"

"Nitengenezee kama unavyomtengenezea mteja. Usibadilishe chochote."

Mama Barafu hakubadilisha. Alitwaa glasi kubwa, akaijaza barafu ya vipande mpaka ukingoni, akamwaga jini, akafuatisha toniki, ile soda chungu, chupa nzima, akadidimiza kipande cha ndimu na kukorogakoroga. Profesa alitazama, na kabla hajaonja tone, uso ulikuwa umeanza kumwaka kwa aibu. Miaka yote hiyo nyumba yao ilikuwa ikichagua jini kwa kikombe cha kauri, asubuhi, bila barafu, kwa sababu Shangazi alipoanza kazi hakuwa na friji. Friji lilipokuja, hakuna aliyekumbuka kuibadili desturi. Walikuwa wakitengeneza jini kwa ajili ya vikombe ambavyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuvitumia. Pua ya Shangazi ilikuwa kali kiasi cha kulifidia kosa hilo. Ya kwake haikuwa kali hivyo.

Aliionja ya kwanza. Haikuwemo. Toniki ilikuwemo, ndimu ilikuwemo, baridi ilikuwemo. Jini ilikuwa imeaga kama mgeni apitaye mlango wa nyuma. Alionja tena, polepole, kwa nia njema kabisa, akiitafuta. Hakuiona.

Ya pili ilikuwemo, tena ilikuwemo mno. Iliki iliikalia toniki shingoni, na kinyozi, aliyeombwa aonje, alisema ni kama kunywa chai iliyokosewa.

Ya tatu ilikuwa bado imesimama. Chini ya barafu yote ile na sukari yote ile ya toniki, mreteni ulikuwa pale pale na ganda la balungi nyuma yake, chungu kidogo, safi, kama mtu anayeongea kwa sauti ya kawaida katikati ya kelele na bado akasikika. Profesa akaiinua glasi kwenye mwanga ili aitazame vizuri.

Ilikuwa nyeupe. Si weupe wa maji. Weupe wa maji yaliyooshewa mchele.

"Ee!" kinyozi alisema, akasogeza kiti. "Hiyo imeoza?"

"Haijaoza. Ni mafuta ya ganda," Profesa alieleza kwa haraka. "Kwenye kileo kikali yanayeyuka, huyaoni. Ukitia maji na baridi, kileo kinakosa nguvu ya kuyabeba, basi yanajitokeza. Hayana madhara yoyote."

"Sawa, dada, nimekusikia," kinyozi alisema. "Ila macho yangu hayakusoma kemia."

Mama Barafu alionja, akaonja tena. "Tamu," alikiri. "Lakini binti yangu, nikimwekea mteja kitu kama hiki mezani, nitakuwa naeleza mpaka nywele zinyonyoke. Mimi nauza vinywaji, siuzi maelezo."

*

Habari zilimtangulia nyumbani. Binamu yake alimpokea mlangoni akitabasamu. "Nasikia tumeanza kuuza maziwa. Mchagua nazi hupata koroma, dada yangu."

"Koroma ina dawa yake," Profesa alijibu. "Nitaichuja."

Alijifunga kibwebwe. Aliipoza ya tatu mpaka mafuta yakajitokeza, kisha akaipitisha katika chujio la karatasi nzito. Ilishuka ikimetameta. Hata baada ya barafu na toniki ilibaki angavu kama kioo, na binamu yake alipiga makofi. Profesa akaionja. Balungi lilikuwa limebaki kwenye karatasi. Alichokuwa nacho katika glasi kilikuwa ndugu wa ile ya kwanza: kizuri, kitiifu, kisichokuwepo. Siku iliyofuata aliikeneka upya, akipunguza ganda. Weupe ulipungua, na ladha ikapungua hatua kwa hatua pamoja nao, kana kwamba vimefungwa kamba moja.

"Sasa tufanye hivi," binamu yake alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. Alivuta kreti, akakaa. "Sikiliza, mimi si adui yako. Nikienda dukani na chupa, nina nafasi ndogo sana ya kusikilizwa. Chagua ya kwanza. Inauzika. Mtambo unabaki wetu, mama anafurahi, na wewe unarudi chuoni. Unataka nini zaidi?"

Maneno hayo yalikuwa na ukweli, na Profesa alilijua hilo. Angeweza kusema "Hii ndiyo yangu" mbele ya kikombe cha kauri, na kila mtu chumbani angeitikia kwa kichwa. Mtambo ungeokoka. Nani angejua?

"Kaka," alisema hatimaye, "ile ya kwanza ukiitia kwenye glasi haipo. Kitu kisichokuwepo ndani ya glasi kina haki gani ya kuandikwa kwenye chupa? Tutakuwa tunamuuzia mtu toniki yake mwenyewe."

"Watu hawajui."

"Sisi tunajua."

Binamu alipangusa suruali akaondoka. Alipokuwa ametoweka, Profesa alijua kwamba swali lake lilikuwa limepata sura nyingine. Alikuwa amekwisha kuichagua ya tatu. Aliichagua pale baa, kabla hajaiinua kwenye mwanga, na tangu wakati huo alikuwa akitafuta ruhusa. Kilichobaki kilikuwa kujua inyweweje.

Alimfuata fundi. "Fundi, nisaidie. Nataka tuiharibu hii jini kila namna mpaka tujue isipoharibika ni vipi."

"Kazi ya kuharibu sijawahi kuombwa kwa adabu hivyo," fundi alisema, akanawa mikono.

Mchana kutwa chumba cha kufungashia kilijaa glasi. Barafu ya vipande vidogo iliyeyuka upesi, ikaikata jini miguu. Weupe wake ulikuja kwa mkupuo na kuonekana uchafu. Ndimu iligombana na balungi. Fundi alisisitiza kwamba kinywaji cha maana hunywewa bila barafu. Wakajaribu, akakohoa mpaka akashika meza, akasema basi, hilo ameliondoa. Chupa nzima ya toniki ilikuwa nyingi mno. Nusu ilikuwa nyingi. Ndipo Profesa alipogandisha maji katika kopo, akapata pande moja kubwa la barafu, akaliweka peke yake katika glasi fupi, akalimiminia jini, kisha toniki ya kiasi kile kile cha jini na si zaidi, akiitelezesha ukingoni. Hakukoroga. Alikamulia ganda la balungi juu yake, akalitupa.

Weupe haukuja kwa mkupuo. Ulianzia kwenye barafu, utepe mmoja mwembamba, ukajizungusha, ukapanda taratibu kama pumzi juu ya kioo, mpaka glasi yote ikawa na rangi ya asubuhi yenye ukungu. Fundi aliitazama bila kupepesa.

"Sasa hiyo," alisema, "mtu atamwita mwenziwe aje kuona."

Akaionja. Aliirudisha mezani, kisha akaivuta tena karibu yake, kidogo, kama mtu anayeficha.

*

Ijumaa asubuhi vikombe vya kauri vilikuwa vimepangwa kama kawaida. Profesa aliviondoa kimoja kimoja, akaweka glasi fupi nne, na katika kila moja pande la barafu. Binamu yake alikuwa amekuja na mkataba ndani ya bahasha. Alikuwa pia amemleta Mama Barafu, akitumaini, bila shaka, kwamba angerudia mbele ya wote yale aliyoyasema baa.

"Vikombe viko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna anayenywea vikombe, Shangazi. Tumekuwa tukikosea. Ulikuwa na pua ya kuvuka kosa hilo, mimi sina."

Kumwambia Shangazi kwamba amekosea halikuwa jambo lililowahi kusikika chini ya paa lile. Shangazi akasogeza kiti chake mezani. "Mimina," alisema.

Alimimina. Wote waliinama kuuona utepe ukipanda. Mama Barafu aliufuata ukungu ule kwa kidole nje ya glasi, akanywa, akaiangalia tena. Binamu alikunywa akiwa amekunja uso, na uso ukaanza kujikunjua bila idhini yake. Shangazi naye aliinua glasi. Ladha hakuweza kuipata, lakini aliishikilia mdomoni muda, akameza.

"Inauma pembeni mwa ulimi," alisema taratibu. "Na baridi inakuja baadaye. Kumbe hilo bado ninalo." Kisha akaifuta midomo, na sauti yake ikarudi kuwa ya kiwandani. "Haya. Wanaokunywa kwa haraka wataizamisha kwenye toniki. Watairudisha kwamba ni chafu. Watakutukana. Nimekuuliza yako. Ipi?"

Profesa alimwangalia Shangazi, akamwangalia fundi, akamgeukia binamu yake na bahasha iliyokuwa mkononi mwake.

"Ya tatu ndiyo yangu," alisema. "Hatuichuji na hatupunguzi ganda. Inanywewa kwa pande moja la barafu, toniki sawa na jini, na ganda la balungi, na hivyo ndivyo tutakavyoandika kwenye chupa, tukisema wazi kwamba itageuka nyeupe. Atakayeirudisha aniletee mimi. Mtambo haukodishwi, Kaka. Mkataba huo warudishie wenyewe leo."